Kutunza Yaliyosomwa: Mwongozo wa Kumbukumbu kwa Anayejifunza

Mwongozo huu unamhusu mtu yeyote anayelazimika kujifunza mambo mengi na kuyatunza kichwani kwa muda mrefu, awe mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, muuguzi anayesomea vipimo vya dawa, au mtu mzima aliyeamua kujifunza lugha ya pili baada ya saa za kazi. Hoja yake kuu ni moja, nayo imepata ushahidi mwingi katika utafiti wa saikolojia: kumbukumbu huimarika zaidi pale mtu anapolazimika kulitoa jambo kichwani bila kulitazama kuliko pale anapoliingiza upya kwa kulisoma tena. Wanafunzi wengi hufanya kinyume chake. Husoma daftari mara ya pili, ya tatu na ya nne, hupigia sentensi mistari kwa kalamu za rangi, hukesha usiku wa kuamkia mtihani, kisha matokeo yanapotoka hujihukumu kuwa wana vichwa vizito, ilhali mara nyingi kasoro ilikuwa katika namna ya kusoma.

Kumbukumbu inavyofanya kazi

Wanasaikolojia hugawa kazi ya kumbukumbu katika hatua tatu: usimbaji, yaani kuligeuza jambo lililoonekana au kusikika liwe katika umbo ambalo ubongo unaweza kulitunza, uhifadhi, yaani kulitunza jambo hilo kwa muda, na urejeshaji, yaani kulitoa linapohitajika. Mtu anaposema amesahau, kwa kawaida huchukulia kwamba jambo limefutika, lakini huenda halikusimbwa tangu mwanzo kwa sababu hakulizingatia, au huenda limehifadhiwa vizuri ila njia ya kulifikia imekosekana kwa wakati ule, kama ilivyo kwa jina la mtu linalogoma kuja mbele ya mwenyewe na kujitokeza saa mbili baadaye wakati halihitajiki tena. Kutofautisha hali hizi kuna faida, kwa kuwa kila moja ina tiba yake.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Atkinson na Richard Shiffrin, walieleza kumbukumbu kuwa na vituo vitatu, na maelezo yao hufundishwa vyuoni hadi leo hata kama sehemu zake kadhaa zimerekebishwa. Kituo cha kwanza ni kumbukumbu ya hisi, inayobakiza picha ya kilichoonekana kwa muda usiofikia sekunde moja na mwangwi wa kilichosikika kwa muda mrefu kidogo kuliko huo. Kile kinachozingatiwa hupita kwenda kituo cha pili, yaani kumbukumbu ya muda mfupi, na sehemu yake tu ndiyo hufika kituo cha tatu, yaani kumbukumbu ya muda mrefu. Kwa hiyo anayesoma huku simu ikiwaka pembeni na macho yake yakiruka kutoka kwenye kitabu kwenda kwenye ujumbe mpya hapaswi kushangaa kesho yake akikuta ukurasa mzima haumo kichwani, kwa sababu ukurasa huo haukuwahi kuingia. Simu ya mtu anayesoma inafaa ikae chumba kingine, na hilo ni sharti la kwanza kabla ya mbinu yoyote itakayoelezwa hapa.

Kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani alitoa makala iliyokuja kujulikana sana, akionyesha kwamba mtu mzima hushika kwa mara moja takriban vitu saba, pengine viwili zaidi au viwili pungufu. Nelson Cowan alipouchambua upya ushahidi huo mwaka 2001 alipunguza idadi hadi takriban vinne, iwapo mtu hapati nafasi ya kurudiarudia kimoyomoyo. Ufinyu huo si wa idadi pekee, bali ni wa muda pia: katika jaribio la Lloyd na Margaret Peterson la mwaka 1959, watu walipewa herufi tatu tu na kutakiwa kuhesabu kurudi nyuma kwa tatutatu ili wasipate nafasi ya kuzirudia, na ndani ya sekunde 18 wengi wao walikuwa wamezipoteza. Mtu anayenakili namba ya malipo ya serikali kutoka kwenye karatasi hadi kwenye simu, namba ambayo nchini Tanzania ina tarakimu 12, huuona mpaka huu waziwazi. Hutazama karatasi, huandika tarakimu nne, hutazama tena, huandika nne nyingine, na mtu akimsalimu katikati hulazimika kurudi mwanzo na kuhakiki upya. Hapo, bila kufundishwa, ameshatumia mbinu ambayo Miller aliipa uzito mkubwa, nayo ni kuunganisha vitu vidogo viwe fungu moja, kwa kuwa kumbukumbu huhesabu mafungu zaidi ya kuhesabu tarakimu mojamoja.

Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza waliliendeleza jambo hili mwaka 1974 walipoonyesha kwamba kituo hicho cha pili kina kazi zaidi ya kushikilia vitu kwa muda, kwani ndipo mtu anapofikiri, anapopiga hesabu na anapoelewa sentensi ndefu. Walikiita kumbukumbu tendaji, wakaeleza kwamba ina sehemu inayoshughulikia sauti na maneno, sehemu inayoshughulikia picha na nafasi, na msimamizi anayegawa uzingativu kati ya hizo mbili. Mambo mawili yanayotumia maneno hugongana, na ndiyo sababu mtu hawezi kusoma kitabu na kufuatilia habari za redioni kwa wakati mmoja, bali maneno na picha vinaweza kwenda pamoja. Anayesoma mzunguko wa damu, kwa mfano, atashika zaidi akiuchora moyo na mishipa yake huku akieleza kwa sauti damu inakoelekea, kuliko akinakili aya tatu za maelezo.

Kumbukumbu ya muda mrefu nayo si kitu kimoja. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka kwa mgonjwa mmoja, Henry Molaison, ambaye mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo huko Hartford nchini Marekani ili kutibiwa kifafa kikali, na katika upasuaji huo akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kilichomo ndani ya ubongo pande zote mbili za kichwa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kutunza tukio jipya: aliyezungumza naye asubuhi alikuwa mgeni kwake jioni. Hata hivyo mtafiti Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alipomfundisha kuchora nyota kwa kutazama mkono wake kwenye kioo, mchoro ulizidi kunyooka siku baada ya siku ingawa kila siku Molaison alisema hajawahi kulifanya zoezi hilo. Kumbukumbu ya matukio na maarifa, ambayo mtu anaweza kuieleza kwa maneno, ilikuwa imeharibika, na kumbukumbu ya stadi, inayokaa katika utendaji, ilikuwa nzima. Mwingine aliyeonyesha mgawanyo wa aina hii alikuwa Endel Tulving, ambaye mwaka 1972 alitenganisha pia kumbukumbu ya matukio, kama vile siku ya harusi, na kumbukumbu ya maarifa, kama vile kujua kwamba Dodoma ni makao makuu ya Tanzania. Kwa anayejifunza, fundisho ni kwamba stadi hupatikana kwa kutenda. Kusoma majibu ya hesabu zilizokwisha kufanywa na mwalimu humpa mwanafunzi maarifa kuhusu hesabu, na mtihani utamtaka azifanye.

Kasi ya kusahau

Utafiti wa kisayansi kuhusu kumbukumbu ulianza na mtu mmoja aliyejipima mwenyewe. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alitunga zaidi ya silabi 2,000 zisizo na maana, akazipanga katika orodha, akazihifadhi kwa moyo, kisha akapima ni muda gani angeuokoa akizihifadhi tena baada ya kipindi fulani. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yalionyesha kwamba baada ya dakika 20 akiba iliyobaki ilikuwa asilimia 58, baada ya saa moja asilimia 44, baada ya siku moja asilimia 34, baada ya siku sita asilimia 25, na baada ya siku 31 asilimia 21. Msomaji azitazame tarakimu hizi kwa makini, kwa sababu zina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea ndani ya siku ya kwanza, na anayengoja wiki tatu kabla ya kurudia somo anarudi kwenye kitu ambacho karibu chote kimekwishaondoka. Ya pili inatia moyo: kilichobaki baada ya siku sita hupungua polepole sana, na hata pale ambapo mtu anaona hakumbuki lolote, akijifunza upya hutumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza.

Inafaa kukumbuka pia kwamba silabi za Ebbinghaus hazikuwa na maana, na maana hubadili mambo. Yeye mwenyewe alipojaribu kuhifadhi beti za shairi la Byron, aliona kwamba zilihitaji takriban sehemu moja tu ya kumi ya marudio ambayo yangehitajika kwa silabi tupu za urefu huo huo.

Maana na ujuzi wa awali

Mwaka 1975 Fergus Craik na Endel Tulving waliwaonyesha watu maneno na kuwauliza maswali ya aina tofauti: baadhi yalihusu umbo la herufi, mengine sauti ya neno, na mengine maana yake. Baadaye, bila kuwa wameambiwa mapema, watu hao walipimwa, na maneno yaliyokuwa yameulizwa kwa maana ndiyo yaliyokumbukwa kwa wingi zaidi. Nia ya kukumbuka haikuwa na uzito mkubwa. Kilichokuwa na uzito ni kazi ambayo akili ilifanya juu ya neno. Msomaji anaweza kuigeuza kanuni hii kuwa tabia kwa kujiuliza, katika kila aya anayosoma, kwa nini jambo hili liko hivi na linahusiana vipi na lile ambalo analijua tayari. Anayehifadhi kwamba Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 ana tarakimu tu. Anayejua kwamba wananchi wa kusini walikuwa wamelazimishwa kulima pamba ya serikali ya Kijerumani, kwamba Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji yaliyoaminiwa kuwalinda wapiganaji dhidi ya risasi, na kwamba imani hiyo iliunganisha makabila ambayo hayakuwa na kiongozi mmoja, ana mtandao wa sababu ambamo mwaka 1905 umeshikizwa pande zote.

Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na kumbukumbu ya ajabu katika fani moja na ya kawaida katika nyingine. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alisimulia habari za mchungaji wa Kiswazi ambaye aliulizwa kuhusu ng'ombe waliokuwa wamenunuliwa na mwajiri wake mwaka mmoja kabla, naye akawataja kwa rangi zao, wauzaji wao na bei zao, na alipolinganishwa na daftari la mwajiri akaonekana amekosea mambo madogo mawili tu. Wazungu wa eneo hilo waliamini kwamba Waswazi walizaliwa na kumbukumbu ya pekee. Bartlett alipopima jambo lisilohusu ng'ombe, hakuona tofauti yoyote ya maana kati yao na watu wa kwao, akahitimisha kwamba kumbukumbu ile ilitoka katika jamii ambayo ng'ombe ndio kitovu cha maisha yake. Ushahidi wa karibu zaidi na maabara ulipatikana mwaka 1980, pale Anders Ericsson na wenzake walipomfundisha mwanafunzi mmoja wa Marekani kukumbuka tarakimu kwa zaidi ya saa 200 za mazoezi, akatoka tarakimu 7 akafika 79. Alikuwa mwanariadha wa mbio ndefu, na alikuwa akizigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio alizozijua. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye takriban sita kama mtu mwingine yeyote. Michezo na programu za simu zinazoahidi kuupa ubongo nguvu ya jumla ya kukumbuka zinapaswa kutazamwa kwa tahadhari kwa sababu hii hii, na anayetaka kukumbuka biolojia asome biolojia.

Pale ambapo maana peke yake haitoshi, vidokezo husaidia, na kidokezo ni kitu chochote kinachoelekeza akili kwenye jambo linalotafutwa. Utenzi wa Kiswahili ni hazina ya vidokezo: kila mshororo una mizani inayojulikana, kwa kawaida minane, mishororo mitatu ya mwanzo wa ubeti huishia kwa kina kimoja, na wa nne hubeba bahari inayokwenda hadi mwisho wa utenzi. Mghani akipotewa na neno, idadi ya mizani na kina kinachotarajiwa hupunguza maneno yanayowezekana hadi machache, naye hulipata. Mwanafunzi anayetunga ubeti wa kukumbukia hatua za mmeng'enyo wa chakula anatumia kanuni ile ile, na walimu wa shule za msingi hawapaswi kuona haya kuitumia.

Kutoa kichwani

Sasa mwongozo unafika kwenye jambo lililo kiini chake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanachuo vifungu vya habari vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika kila walichokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, kifungu kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa zaidi kidogo, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa kwa asilimia 42, na kile walichojipima kwa asilimia 56. Katika jaribio la pili, waliosoma mara nne bila kujipima walibaki na asilimia 40 baada ya wiki, wakati waliosoma mara moja na kujipima mara tatu walibaki na asilimia 61. Na kabla ya kupimwa, waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Uhakika huo wa uongo unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndio unaowapoteza wanafunzi wenye bidii. Kusoma tena hulifanya andiko lizoeleke; macho hupita upesi, kila sentensi hutambulika, na msomaji huona anaijua. Lakini kutambua kitu kikiwa mbele ya macho na kukikumbuka kisipokuwapo ni kazi mbili tofauti, na mtihani wa kujieleza hudai ile ya pili. Raymond Nickerson na Marilyn Adams walilionyesha hili mwaka 1979 walipowaomba Wamarekani wachore sarafu ya senti moja, kitu walichokuwa wamekiona maelfu ya mara, na wengi wakaacha alama muhimu au kuziweka mahali pasipo pake. Msomaji anaweza kujihakikishia mwenyewe kwa kuchukua karatasi na kuchora pande mbili za noti ya shilingi anayoitumia kila siku, kisha kulinganisha.

Utaratibu wa kujipima hauhitaji vifaa. Mwanafunzi asome sehemu moja ya somo, kurasa tatu au nne, kwa lengo la kuielewa. Afunge kitabu na madesa, kama wanachuo wa Tanzania wanavyoyaita maandishi yao ya kujisomea, achukue karatasi tupu na aandike kila anachokikumbuka, kwa maneno yake mwenyewe na bila kujali mpangilio. Atakwama, na hapo hapo atapata hamu ya kufungua kitabu, asifungue. Aendelee kutafuta kwa dakika mbili tatu, kwa sababu jitihada hiyo ya kutafuta ndiyo inayoimarisha kumbukumbu, hata kama jibu halikupatikana. Ndipo afungue, na kwa kalamu ya rangi nyingine asahihishe makosa na kujazia yaliyokosekana. Sehemu iliyoandikwa kwa rangi ya pili ndiyo orodha yake ya mambo ya kusoma kesho, na ina thamani kuliko mistari yote ya manjano ambayo angepigia kitabuni. Usahihishaji usiachwe, kwa kuwa kosa lililotolewa kichwani bila kurekebishwa linaweza nalo kukaa.

Kwa mambo mafupi kama msamiati, kanuni za kemia au majina ya mifupa, kadi zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili zinatosha, na zinaweza kukatwa kutoka kwenye karatasi ya daftari. Mjerumani Sebastian Leitner alipendekeza mwaka 1972 zitunzwe katika sanduku lenye vyumba kadhaa: kadi iliyojibiwa sawasawa husogea chumba cha mbele ambacho hupitiwa kwa nadra zaidi, na iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika mbali. Kwa njia hiyo muda mwingi huenda kwa yale yasiyojulikana. Jibu lazima litamkwe au liandikwe kabla kadi haijageuzwa. Anayegeuza kwanza na kusema alilijua amerudi kwenye kutambua.

Wasomaji wa pwani watakuwa wameshatambua kwamba utaratibu huu si mgeni. Katika vyuo vya Kurani mwanafunzi huhifadhi kipande chake, na siku inayofuata hukisoma kwa moyo mbele ya ustadhi bila kutazama msahafu. Akikosea husimamishwa hapo hapo na kusahihishwa. Hapewi kipande kipya mpaka cha zamani kimesimama. Juzuu alizokwisha kuzihifadhi haziachwi, kwa kuwa zina zamu yake katika murajaa, yaani kurudia yaliyokwisha kuhifadhiwa, na hafidhi wa juzuu zote 30 anajua kwamba akiacha murajaa zitamtoka. Kutoa kichwani, kusahihishwa papo hapo na kurudia kwa vipindi, mambo matatu ambayo maabara za saikolojia zimeyapigania kwa miongo kadhaa, yamo humo yote. Lawama kwamba baadhi ya watoto huhifadhi wasichokielewa ina mahali pake, lakini haiondoi ubora wa mbinu, na shule za kawaida zingefaidika kama zingeichukua na kuitia katika masomo yanayofafanuliwa.

Kuachanisha vipindi

Saa nne za kusoma zilizogawanywa katika siku nne huzaa zaidi ya saa nne za mfululizo. Baddeley na D. J. A. Longman walilipima jambo hili kwa wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kutumia kibodi, wakachapisha matokeo mwaka 1978: waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji saa chache kwa jumla kuliko waliofundishwa saa nne kwa siku, ingawa siku zao zilikuwa nyingi zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliofundishwa kwa saa moja ndio waliokuwa na ridhaa ndogo, kwa sababu walijiona wanakwenda polepole. Kukremu kwa usiku mmoja hupendeza kwa sababu hiyo hiyo, na kweli kunaweza kumfikisha mtu hadi mtihani wa asubuhi, lakini hakumfikishi mwaka wa pili wa masomo, ambapo yale ya mwaka wa kwanza yanahitajika.

Umbali kati ya kipindi na kipindi hutegemea siku ya kuhitajika. Utafiti wa Nicholas Cepeda na wenzake wa mwaka 2008, uliohusisha watu zaidi ya 1,350, ulionyesha kwamba kwa mtihani ulio wiki moja mbele pengo bora lilikuwa takriban asilimia 20 hadi 40 ya muda huo, na kwa mtihani ulio mwaka mmoja mbele takriban asilimia 5 hadi 10. Kwa lugha ya ratiba, mwenye jaribio la wiki ijayo arudie baada ya siku mbili hivi, na mwenye mtihani wa mwaka kesho arudie baada ya wiki tatu hadi tano. Mwenye mtihani wa Novemba anayeanza Agosti anaweza kujipima siku inayofuata somo, kisha baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu, na kila mara aanze na karatasi tupu kabla ya kugusa daftari. Kusahau kidogo kati ya vipindi ni sehemu ya mbinu, kwa hiyo ugumu wa kukumbuka usimtishe.

Usingizi uingizwe katika ratiba kama somo jingine. Tangu John Jenkins na Karl Dallenbach walipoonyesha mwaka 1924 kwamba waliolala baada ya kujifunza walisahau kidogo kuliko waliokaa macho kwa muda ule ule, utafiti umeendelea kuonyesha kwamba usingizi huusaidia ubongo kuyaimarisha yaliyosomwa mchana. Mwanafunzi anayekesha hupoteza mara mbili, kwani hukosa uimarishaji wa usiku na huingia katika chumba cha mtihani akiwa na uzingativu uliochoka.

Kumbukumbu inapodanganya

Kumbukumbu si ghala ambalo kitu hutolewa kama kilivyowekwa. Kila mara mtu anapokumbuka hulijenga jambo upya kutokana na vipande vilivyopo na matarajio yake. Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu mwaka 1974 filamu ya ajali ya magari, kisha wakawauliza mwendo wa magari hayo kwa maneno tofauti. Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, ingawa havikuwapo kabisa, na kati ya watu 50 walioulizwa awali kwa kitenzi kikali cha kupondana, 16 walisema waliviona, dhidi ya 7 kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana. Kitenzi kimoja kilitosha kuingiza vioo katika kumbukumbu ya watu waaminifu. Kwa hiyo aliyeshuhudia ajali, makubaliano ya shamba au ugomvi wa mirathi aandike alichokiona mapema iwezekanavyo, kabla hajasikia masimulizi ya wengine, na atie tarehe. Na mwanafunzi asiuchukulie uhakika wake kuwa ushahidi: kitabu ndicho kinachosahihisha.

Katika kuzitumia mbinu hizi zote, walimu wana nafasi ambayo mwanafunzi peke yake hana. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80 na vitabu 20 hawezi kubadili mtaala wala kuongeza vitabu, lakini anaweza kuanza kila kipindi kwa dakika tano za maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita, yakajibiwa kwenye karatasi bila kutazama daftari, yakasahihishwa na wanafunzi wenyewe, na yasihesabiwe alama ili woga usiingie. Hayagharimu kitu, na walimu wanaombwa wayaanze katika kipindi chao kijacho.